Bunduki Inapokataa Kulia

Sisi tuliokulia Kyela, baina ya Mto Songwe na Matema, twaujua unyevu wa masika: huingia ghalani mwa mpunga, huingia na katika risasi. Bunduki ya marisau yenye mitutu miwili iliyopandana ikikataa kulia mbele ya nguruwe mwitu, wako wasemao imerogwa. La hasha, ndugu msomaji.

Kwanza, usiifungue. Mitutu ielekee pasipo na mtu, nawe uhesabu polepole hadi 60, kwani baruti yaweza kuchelewa kuwaka. Kisha itoe risasi, utazame kitako chake. Alama ya pini ikiwa imezama sawasawa, shaka iangukie risasi, pengine imepata unyevu. Ikiwa hafifu, huenda pini imechakaa, springi imelegea, au mafuta ya zamani yameshikana na vumbi. Tena, bunduki nyingi za namna hii zenye kifyatulio kimoja hungoja msukumo wa risasi ya kwanza ndipo kifyatulio kihamie mtutu wa pili; ya kwanza isipolia, na ya pili hunyamaza. Kuitengeneza ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Mpunga ulioliwa hupandwa tena mwakani. Jicho la mzazi halioti.