Dagaa, mama mkwe na bomba la jikoni

Hivi umeshawahi kununiana na mume wako kwa sababu ya dagaa? Sio nyumba ndogo, sio meseji za usiku wa manane, sio mshahara. Dagaa. Mwenzenu yamenikuta, na nawasimulia kwa sababu najua huko mliko kuna mtu leo jioni atafungua dirisha la jikoni kwa hasira huku akimlaumu asiyehusika.

Tulihamia nyumbani kwetu Kigamboni mwishoni mwa 2023. Si mnazijua hizi nyumba zetu, unahamia sebule haijapigwa rangi na chumba cha wageni kina mifuko ya simenti. Lakini jiko nililitaka liwe jiko. Nilikuwa nimetoka Sinza, kwenye chumba na sebule ambako mtungi wa gesi ulipakana na kabati la nguo, na kila blauzi niliyovaa kazini ilinukia vitunguu. Kwa hiyo baba watoto aliponiuliza nataka zawadi gani ya miaka mitano ya ndoa, sikutaja mkufu. Nilitaka ile kofia ya bati inayoning'inia juu ya jiko, yenye feni ndani, inayovuta moshi na mvuke. Madukani wanaiita hudi. Alininunulia ya sentimita 60, inang'aa kama kioo. Fundi akaja Jumamosi, akapiga drili saa mbili nzima, akachukua chake, akasepa. Mimi nikapiga picha na kuwarushia mashosti.

Machi 2024 mama mkwe akaja kutoka Ukerewe kutibiwa macho. Alikuja na mzigo wa dagaa wa kutosha kulisha mtaa. Na mama yule anajua kupika, nisiseme uongo: anazikaanga zikauke, ndipo anaweka kitunguu, nyanya na ndimu. Tatizo likawa harufu. Hudi inanguruma kama daladala inayopanda mlima, lakini harufu haiondoki jikoni, na cha ajabu ikawa inalala na sisi. Chumbani! Kwenye mashuka, kwenye mapazia, kwenye suti ya baba watoto. Nikapiga hesabu zangu: mashine ni mpya na ya bei mbaya, kabla mama hajaja hatukuwa na shida hii, kwa hiyo shida ni dagaa. Nilichosahau ni kwamba kabla mama hajaja, pale jikoni nilikuwa nachemsha chai na kukaanga mayai tu. Wikiendi tulikula nje.

Jioni moja nikamwambia, "Mama, hizi dagaa si tungekuwa tunachemsha tu?" Nilisema kwa adabu, lakini wanawake tunaelewana, adabu nayo ina makali yake. Akanijibu, "Sawa mwanangu."

Kesho yake baba watoto ndiye aliyetangulia kurudi. Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, kajibanza chini ya ukingo wa bati maana masika yalikuwa yameshaanza, anapuliza jiko la mkaa. Macho yanamtoka machozi. Macho yale yale aliyoyaleta Dar kutibiwa.

"Umemtoa mama jikoni?"

"Sijamtoa."

"Kwa hiyo kajitoa?"

Usiku huo nililala na mgongo wake. Na uliofuata. Jamani, mimi nina shahada ya mawasiliano, lakini ndani ya nyumba yangu watu wazima watatu tulikaa wiki sita tukiambiana "umeshindaje" na "salama" basi. Nilimsihi mama arudi jikoni, akakataa kwa upole ule ule, kwamba nje anapata hewa. Hewa gani, na anakohoa?

Kilichonichoma zaidi kilitokea Mei. Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Nikakaa ofisini kwenye kiyoyozi nasoma habari hizo. Nikasoma pia takwimu za Shirika la Afya Duniani, kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu wapatao milioni 3.2, wengi kwa sababu ya kuni, mkaa na mafuta ya taa. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, kama msomi. Kisha nikarudi nyumbani kwenye gesi yangu na hudi yangu, nikamkuta mama mkwe anapepea mkaa kwa mfuniko wa ndoo.

Siri ilifichuliwa na doa. Dari ya chumbani kwetu, jipsamu nyeupe, ilianza kuota rangi ya chai karibu na taa. Tukajua bati linavuja. Fundi paa akapanda, akakaa kimya dakika mbili, halafu nikasikia sauti kutoka juu: "Dada, hebu panda ngazi ujionee. Au unuse."

Bomba la hudi lilikuwa limeishia darini. Lilipanda kutoka jikoni, likatambaa juu ya mbao hadi usawa wa kitanda chetu, likakomea hapo mdomo wazi. Halikuwahi kufika nje hata siku moja. Mafuta yote ya dagaa, mvuke wote, vilikuwa vinatapikwa juu ya vichwa vyetu tukilala. Mbao zinanata, vumbi limeganda, na nyaya za umeme zinapita hapo hapo. Fundi akasema mbao, mafuta na cheche moja vingetosha kutuondoa wote. Nilishuka ngazi miguu ikitetemeka. Mimi kazi yangu ni kuona makosa ya wenzangu, koma ikikaa vibaya nalala nayo, na bomba la namna hiyo nililala chini yake miezi sita.

Na nani alimsimamia yule fundi wa kwanza? Baba watoto. Alikuwa anaangalia mpira. Hilo nililiweka akiba, sikulitumia siku hiyo. (Nililitumia kesho yake.)

Tukaletewa kijana anayetengeneza mabomba ya bati ya viyoyozi. Huyu kabla ya kugusa chombo aliuliza, "Mnataka moshi utokee wapi?" Kha, swali dogo vile! Kisha akafungua hudi na kutuonyesha maajabu mengine. Mdomo wa hudi ni inchi 6, lakini mwenzake alikuwa amebana na bomba la plastiki la inchi 4, la maji machafu. Unaweza kudhani inchi mbili si kitu. Chukua karatasi upige hesabu ya duara: la inchi 6 lina inchi za mraba 28 hivi, la inchi 4 lina 12 na nusu. Zaidi ya nusu ya njia imefungwa, ndio maana ile ngurumo. Na plastiki haitakiwi pale kabisa, juu ya moto na mafuta.

Halafu kuna dampa. Hili neno nilikuwa silijui. Ni kilango chepesi cha bati kinachokaa shingoni mwa hudi: feni ikiwaka upepo unakisukuma kinafunguka, ikizimwa kinajifunga, ili upepo wa nje, mende na mijusi wasirudi ndani. Chetu hakikuwa kinafunguka. Fundi wa kwanza alifunga bomba kwa skrubu ndefu, ncha yake ikapenya ndani na kukizuia. Mashine ilikuwa inavuta huku imezibwa koo.

Kijana alifanya kazi siku moja na nusu. Akatoboa ukuta wa nje kwa grenda na tindo, akatengeneza bomba la bati gumu, laini kwa ndani, akakataa lile la mikunjo la karatasi ya alumini kwa sababu mikunjo inashika mafuta na kupunguza mwendo wa hewa. Kona moja tu, kwani kila kona inakula nguvu ya feni. Bomba likalala kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi ndani. Skrubu fupi, mbali na dampa, maungio yakazibwa kwa utepe wa alumini. Nje akaweka kofia yenye vilango vingine, maana ukuta ule unatazama kusi, na kusi ya Kigamboni si ya mchezo. Akatuachia na onyo: ukisikia harufu ya gesi usiwashe hudi, cheche ya swichi inatosha, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama chini. Funga mtungi, fungua milango.

Tulijaribu kwa kipande cha tishu. Kilinata kwenye chujio kama kimepigwa gundi. Nikatoka nyuma ya nyumba.

"Mama, nisamehe. Haikuwa dagaa. Bomba lilikuwa linamwaga moshi darini."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Nilikuwa naupika huku, nausikia kule chumbani kwenu. Nikajua ndivyo mlivyotaka kujenga. Watu wa mjini mna mambo."

Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye ndoo, halafu nikalia kidogo. Yeye aliendelea kuchambua mchele.

Siku mbili kabla hajarudi Ukerewe alikaanga dagaa jikoni kwangu, hudi ikivuma taratibu na dirisha likiwa wazi kidogo ili hewa iingie kufidia inayotoka. Baba watoto alisimama nje chini ya ile kofia akiangalia vilango vinavyopepea, mikono kiunoni, utadhani kavifunga yeye. Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta:

"Jirani! Leo mnakula dagaa?"

Tukampelekea sahani.