Gusa Mara Moja

Kama umewahi kuvaa iafoni zisizo na waya ukiwa umejifunga mtandio, unanielewa. Mtandio ukizigusa, wimbo unasimama. Ukiuweka sawa, wimbo unaruka. Ukijikuna sikio, sauti ya mashine inakuuliza kwa Kiingereza ikusaidie nini.

Zangu nilizinunua Nairobi, kando ya barabara, shilingi 1,200. Karatasi yake ilisema: gusa mara moja kusimamisha wimbo au kupokea simu, mara mbili kuruka wimbo, mara tatu kurudi nyuma, shikilia sekunde mbili kukataa simu. Kazi zote hizo, na hakuna hata kitufe kimoja. Kuna mahali laini tu pa kupapasa, ukiomba Mungu.

Zile za waya nilizokuwa nazo mbeleni hazikuwa na nafuu. Vumbi la Burat likiingia kwenye tundu la simu, simu inadhani unabonyeza hata ukiwa umelala.

Na usidhani ni shida ya vitu vya bei rahisi. Mwaka wa 2009 Apple walitoa iPod shuffle ambayo vitufe vyake vya muziki vilihamishiwa kwenye waya wa iafoni. Ukichomeka iafoni za kawaida, hata kuongeza sauti huwezi. Watu wakalalamika, na mwaka wa 2010 vitufe vikarudi.

Sasa nikuambie kilichonipata.

Baba analima vitunguu Burat, kwa maji ya mto Isiolo. Vitunguu hivyo, na mbuzi kadhaa, ndivyo vilivyonipeleka chuo. Niliacha nikiwa mwaka wa tatu. Nikaanza kuandika, makala hapa, tafsiri pale. Sikumwambia. Kila muhula alituma karo, na kila muhula nililipa nayo kodi ya nyumba, nikijiahidi kwamba nitamweleza nikienda nyumbani.

Disemba iliyopita nilienda. Binamu yangu alinipokea Isiolo mjini, tukachukua boda, tukamalizia njia kwa miguu. Nilikuwa nikimweleza yote, iafoni moja sikioni, nyingine imening'inia kwenye mtandio. Simu ikalia. Baba. Nikashikilia kidole ili niikate. Kimya. Wimbo haukurudi. Nikadhani imekwama tena, kawaida yake. Kwa hasira nikazitoa, nikazifungia kwenye kikasha chao, nikaendelea na hadithi, simu mkononi.

Kumbe nilikuwa nimepokea. Na ukizirudisha iafoni kwenye kikasha, mazungumzo yanahamia kwenye simu yenyewe.

Tulipokaribia lango ndipo niliangalia kioo. Dakika 11.

Baba alinisalimia vizuri. Akauliza safari, akauliza njaa. Tukala. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Usiku huo sikulala.

Nikiwa macho nikakumbuka kitu nilichowahi kusoma. Walkman ya kwanza, ile Sony walitoa Japani mwaka wa 1979, ilikuwa na matundu mawili ya iafoni, ili watu wawili wasikilize pamoja. Ilikuwa pia na kitufe cha rangi ya machungwa. Ukikibonyeza, muziki unashuka, maikrofoni ndogo inafunguka, mnasikizana bila kuvua chochote. Kitufe kizima, kazi yake ni moja: kuongea na aliye kando yako. Baadaye kikaondolewa.

Jioni ya pili nilimkuta baba nje, anasikiliza habari. Redio yake nimeijua tangu utotoni. Ina vifundo viwili: kimoja cha stesheni, kingine cha sauti, na hicho cha sauti ukikirudisha hadi mwisho kinazima. Rangi imeisha pale vidole vyake vinaposhika.

Nikaketi kwenye jiwe. Akangoja habari za michezo ziishe.

"Mama," akaniambia, ndivyo anavyoniita. "Nilikuwa nimekupigia uniletee betri za redio."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Hizi nazo zinaisha." Akanisogezea redio. "Zima hiyo. Tuongee."

Nikakizungusha kifundo. Kikalia ta. Redio ikanyamaza mara moja, bila kubahatisha, na nikaanza mwanzo kabisa, mwaka wa tatu, muhula wa kwanza.