Kasi, Nafasi na Lengo: Tuliyojifunza Ulaya



Tunapowaambia wenzetu kwamba likizo iliyopita tulikuwa Ulaya, wengi hudhani tulipanda ndege. Ulaya yetu iko wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, upande wa Mikumi. Tulikuwa mafrateri watatu wa falsafa, tuliotumwa kukaa na vijana wa kigango. Tulijiandaa kwa katekesi na kwaya. Tulipofika, tukakuta vijana wana kazi nyingine iliyowashika: kifaa cha kupima kina cha maji mtoni na kupiga king'ora maji yakipanda.

Kilosa hakuna anayehitaji kuelezwa umuhimu wa kifaa kama hicho. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010, mafuriko ya mto Mkondoa yalibomoa nyumba, yakawaacha maelfu bila makazi na kuharibu Reli ya Kati. Waliokuwa watoto wakati ule ndio vijana wa leo, na wanakumbuka.

Kifaa chenyewe kinaendeshwa na Arduino Uno, kibao cha elektroniki kinachoenea kiganjani. Nafasi yake ya kutunza programu ni kilobaiti 32 tu. Picha moja ya simu ya kawaida haiwezi kuingia humo. Vijana waliandika maagizo yao kwa lugha ya C, ambayo mashine haiielewi. Lazima apatikane mkalimani, naye ni programu iitwayo kompaila.

Hapo ndipo falsafa yetu ilipoanza kuamka, kwa maana mkalimani huyu ana viwango vya kufanya kazi, na wewe ndiwe unayechagua. Katika kompaila ya GCC, kiwango cha -O0 hutafsiri karibu neno kwa neno. Programu inakuwa ndefu na nzito, lakini ukitafuta kosa unaliona palepale ulipoliandika. -O1 hupunguza mizigo ya wazi. -O2 huchambua zaidi, hupanga upya maagizo na kuondoa marudio. -O3 hutafuta kasi kubwa zaidi, hata kwa gharama ya nafasi. -Os hufuata njia ya -O2, lakini huacha mbinu zinazoinenepesha programu.

Mfano wa kanisani ulitusaidia kuelewa. Kitabu cha nyimbo kikiwa kimoja tu, sakristia, kila anayekihitaji atatembea kukifuata. Ukiweka nakala kwenye kila benchi, hakuna anayetembea, ila vitabu vinajaza kanisa. -O3 hupenda kuweka nakala kwenye kila benchi. Ndiyo maana wakati mwingine hata kasi yenyewe haipatikani: programu inanenepa kiasi cha kutoenea katika kumbukumbu ndogo ya karibu ambayo kompyuta kubwa huitegemea, na safari za kufuata maagizo mbali zinaanza upya.

Kijana mmoja alishikilia -O3. "Frateri, mafuriko hayasubiri. Hapa tunataka kasi." Hoja yake ilikuwa nzito, kwa sababu nyumba ya bibi yake iko bondeni. Tukakaa tukahesabu pamoja. Kibao kile hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde, na kitambuzi cha maji kinasomwa mara moja kwa dakika. Muda wake karibu wote kinasubiri tu. Hata tukiongeza kasi ya hesabu mara kumi, king'ora hakitalia mapema kwa namna ambayo bibi ataitambua. Tena kwa -O3, pamoja na sehemu ya kutuma ujumbe kwenye simu za viongozi wa kitongoji, programu haikuenea. Kwa -Os ilienea, na nafasi ikabaki.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, anatufundisha kwamba busara hupanga njia kwa kuangalia lengo. Darasani tulilikariri jambo hilo. Ulaya tulilipata mbele yetu: hakuna kiwango kilicho bora peke yake. Kilicho bora kwa kompyuta ya kutabiri hali ya hewa si lazima kiwe bora kwa kibao kinachoulinda mto.

Jambo la pili lilituchukua usiku mzima. Ili king'ora kilie kwa kukatizakatiza, mwandishi wa sehemu hiyo alikuwa ameweka mzunguko mtupu: mashine ihesabu namba bila kufanya lolote, kusudi muda upite. Kwa -O0 kililia vizuri. Kwa -Os vituo vilitoweka na sauti ikawa mkwaruzo mmoja. Kompaila haikukosea. Sheria yake ni kwamba inaweza kubadili umbo lote la programu mradi matokeo yanayohesabiwa yabaki yaleyale, na katika sheria hiyo kupita kwa muda si tokeo. Iliona kazi isiyozaa kitu, ikaifuta. Dawa yake ipo: unatumia njia rasmi ya kusubiri, ambayo kompaila inajua kwamba imekusudiwa. Vijana wakafanya hivyo, na vituo vikarudi.

Sisi tuliendelea kufikiri. Nyumbani tunaulizwa kila likizo: "Mwanangu, utamaliza lini?" Falsafa ni miaka mitatu, teolojia minne, na katikati kuna mwaka wa uchungaji. Mmoja wetu alifika Ulaya akiwa amekaribia kuacha, kwa sababu wadogo zake wanahitaji ada na wenzake wa sekondari wanalipwa mishahara. Ukitazama malezi kwa jicho la kompaila, kimya cha asubuhi ni mzunguko mtupu. Kukaa saa nzima na mgonjwa asiyeweza kuongea ni mzunguko mtupu. Ufute, na hesabu zote zitatoka sawa. Mwenzetu hakuamua usiku ule, wala hatukumsukuma. Alisema tu kwamba kabla ya kufuta chochote anataka kwanza ajue kiliwekwa kwa ajili ya nini.

Tukamsimulia habari za Frances Allen wa Marekani, binti wa wakulima na mwalimu wa hisabati. Mwaka 1957 alijiunga na IBM akikusudia kulipa deni la masomo kisha arudi kufundisha. Mwaka huohuo kampuni hiyo ilitoa kompaila ya FORTRAN ya kikosi cha John Backus, iliyowashangaza waliodhani kuwa mashine haiwezi kutafsiri vizuri kama mtaalamu wa kibinadamu. Allen alibaki IBM miaka 45 akiichunguza kazi hii ya uboreshaji, na mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Turing. Aliyezifundisha mashine kwenda haraka alilifanya jambo hilo polepole, kwa maisha yake yote ya kazi.

Kila kiwango cha juu kinaidai kompaila muda zaidi wa kutafsiri, ili baadaye programu itende kwa wepesi. Muda huo unalipwa mara moja, kabla ya kazi kuanza.

Kifaa kimefungwa chini ya daraja. Kimejaribiwa kwa ndoo ya maji, na king'ora kilisikika hadi bondeni. Sasa kinasubiri masika.