Kifua Changu

Msomaji, bana kwa vidole vya mkono wa kushoto ile nyama iliyo mbele ya kwapa lako la kulia, kisha shika kiuno kwa mkono wa kulia na ukikandamize kwa nguvu. Utausikia msuli ukikazana vidoleni kama kamba iliyovutwa. Mimi nikifanya hivyo upande wa kulia siusikii, kwa kuwa nilizaliwa bila huo msuli.

Nilikulia Likoni, mahali ambapo mtoto wa kiume akiingia baharini na shati huulizwa anaficha nini. Mimi niliingia nalo siku zote, mpaka wenzangu waliponivua kwa nguvu. Waliona kifua kilichojaa kushoto na kubonyea kulia, mbavu zikihesabika. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa umekwisha pata habari kwamba jini la baharini limenila nyama. Bibi yangu, aliyenipenda kupita kiasi, alisadiki hayo kuliko wote. Nilifukizwa ubani na kunyweshwa kombe hata nikachoka. Mama alijilaumu kwa vyakula alivyokula wakati wa mimba yangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Maelezo ya hali yangu niliyakuta chuo cha ualimu, katika kitabu cha elimu ya mwili. Mwaka 1841 Alfred Poland, aliyekuwa bado mwanafunzi wa uganga katika hospitali ya Guy's mjini London, alipasua maiti ya mfungwa mmoja akaona kuwa sehemu kubwa ya msuli mkubwa wa kifua haipo upande mmoja. Kwa makadirio yanayotajwa sana, hali hii humpata mtu mmoja katika 30,000, wanaume zaidi ya wanawake, na mara nyingi upande wa kulia. Wataalamu wengi hudhani chanzo chake ni kupungua kwa damu katika mshipa upitao chini ya mtulinga, mnamo wiki ya sita ya mimba, wakati ambapo mama pengine hajajitambua kuwa ni mjamzito. Likizo ilipofika nilivuka feri nikamsomea mama maneno hayo mara mbili.

Kazi ya msuli huo ni kuuvuta mkono kuelekea kifuani. Asiyekuwa nao husaidiwa na misuli ya bega na ya mgongo. Mimi huandika ubaoni kutwa kwa mkono huu huu. Tena wako watu wachache katika kila mia wenye msuli mwembamba wa ziada, uliosimama kando ya kidari, na wengi wao huzikwa bila kuujua. Hao hakuna aliyewafukiza!

Mwaka huu niliwapeleka wanafunzi ufukoni, nikavua shati. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, uliumia?" Nikamwambia ashike kiuno. Akautafuta msuli wake wa kulia, akaupata. Akahamia kushoto, akaupata pia, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetamani kuukosa.