Nikifa, Msimtafute Aliyeniua

Wajukuu wangu,

Siku nitakapokufa, msimtafute aliyeniua. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote. Barua za wazee huwa ndefu na vijana mna haraka. Atakayeishia mstari wa kwanza awe amebeba la maana. Nimepita miaka themanini. Nina shinikizo la damu la siku nyingi, kibofu kinanisumbua, na magoti yamechoka na kilima cha kwetu. Mwili wa umri huu una sababu zake za kutosha za kufa.

Naandika kwa Kiswahili ili wote msome bila kusomewa, hata mliozaliwa Nairobi na ninyi wa Minnesota ambao Ekegusii chenu kimebaki salamu. Urithi wa shamba na ng'ombe nimeuandika kwingine, na baba zenu wanajua ulipo. Hapa naandika yale ambayo wakili hawezi kuyagawa.

Siku ya mazishi yangu, kabla mhubiri hajafungua Biblia, mmoja wenu asimame asome alichoandika daktari kuwa sababu ya kifo. Asome kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Ekegusii, hata kama ni ugonjwa wa kuonea haya. Nimehudhuria mazishi mengi, kuanzia Manga hadi Keroka, na ninajua sumu huingilia wapi. Huingilia pale msemaji anaposhika kipaza sauti na kusema, "Mti huu haukuanguka wenyewe." Hataji jina, wala hana haja ya kulitaja. Waombolezaji wanageuza macho polepole, na kabla chakula hakijapakuliwa kuna bibi mmoja nyuma ya hema ambaye viti vya pande zake zote mbili viko wazi. Maneno ya namna hiyo yasisemwe kwenye kaburi langu. Atakayeyaanza, mnyang'anyeni kipaza sauti, awe mjomba, awe mheshimiwa.

Sisi Wakisii tuna akili nyingi na mikono ya kazi. Tumeng'ang'ania elimu, tumelima chai kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe hupanda kwa taabu, tumechonga mawe ya Tabaka yakafika Ulaya. Lakini tuna tabia moja iliyotugharimu roho za watu. Baya likitupata, tunauliza nani kafanya kabla ya kuuliza nini kimetokea. Na tukishauliza nani, hatukosi jibu, kwa sababu hakuna mtu asiyekuwa na jirani aliyewahi kukosana naye.

Chukueni mfano wa radi. Nchi yetu iko juu, na ziwa la Victoria liko upande wa magharibi, si mbali. Hewa yenye unyevu inatoka ziwani, inapanda milima hii, inapoa na kugeuka wingu zito, na alasiri ngurumo zinaanza. Ndiyo maana Kisii ni mojawapo ya sehemu za Kenya zinazopigwa radi mara nyingi. Nililifundisha jambo hili ubaoni miaka yote niliyoshika chaki. Sasa sikilizeni yaliyotokea kijijini. Ng'ombe wa jirani yetu alikuwa amefungwa chini ya mkaratusi, mti mrefu kuliko yote kwenye mteremko ule. Tulipofika baada ya mvua, gome la mti lilikuwa limechanika toka juu hadi chini, na majani ya napia kwenye shina yamebabuka. Ng'ombe kalala ubavu, kamba bado shingoni. Kila mtu aliuona ule mti. Watoto niliowafundisha mimi mwenyewe waliuona. Lakini mazungumzo yote yalikuwa juu ya mama fulani aliyenyimwa maziwa wiki iliyopita.

Na malaria vilevile. Zamani baridi ya milima ilituepusha na mbu, kwa hiyo miili yetu haikuwa na kinga kama ya ndugu zetu wa ziwani. Ugonjwa ulipopanda huku katika miaka ya 1980 na 1990, ulikuja kama moto. Mlipuko wa mwaka 1999 baba zenu wanaukumbuka: wodi zilijaa, watoto wakilala wawili wawili kitandani. Kuna nyumba zilizozika mara mbili kwa mwezi. Mtu aliyezika mara mbili hutaka sana jibu, na mimi simlaumu kwa kulitaka. Jibu lilikuwa mbu. Lakini zipo familia hapa ambazo mpaka leo hazisalimiani kwa sababu ya vifo vya miaka ile.

Msije mkadhani kwamba kutafuta chanzo cha jambo ni tabia ya kuletewa. Wazee wetu walikuwa na ababari, waganga wa kupasua kichwa. Mtu akiumia kichwani na maumivu yakakataa kuisha, omobari alipasua ngozi, akakwangua mfupa wa fuvu mahali palipoumia, na wengi wa wagonjwa hao waliishi; madaktari wa kigeni walikuja kuona na kuandika. Siwaambii muwaendee, hospitali zipo. Nataka mjue tu kwamba katika jamii hii hii walikuwepo watu ambao, mwenzao akiumwa kichwa, waliangalia kichwa.

Lakini Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, umati ulikwenda nyumba kwa nyumba ukawachoma watu kumi na mmoja, wengi wao vikongwe, kwa tuhuma za uchawi. Waandishi wa habari waliambiwa kwamba kulipatikana daftari katika shule ya msingi, eti limeandikwa mambo ya mkutano wa wachawi na majina ya watakaorogwa. Daftari la shule! Mimi nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote, na najua ni rahisi kiasi gani mtu yeyote kuandika chochote ndani yake. Oktoba 2021 tukarudia. Katika kijiji cha Nyagonyi, huko Marani, akina mama wanne wazee waliuawa kwa tuhuma zilezile. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nakunywa uji, na uji ukanishinda.

Nimefikiri sana kuhusu vijana wa umati kama huo, maana niliwahi kuwafundisha wa aina yao. Hawazaliwi wauaji. Ukimkuta mmoja mmoja atakubebea mzigo mpaka nyumbani na atakataa nauli ya boda boda kwa kuwa ulimfundisha hesabu. Ndani ya umati kila mmoja anaogopa kuwa wa mwisho kuokota jiwe, kwa kuwa wa mwisho ataulizwa kwa nini anamtetea mchawi. Basi wanaokota kwa haraka, mmoja akimwogopa mwenzake, na anayekufa ni bibi ambaye hakuna aliyemwogopa asubuhi ile alipowauzia mboga za chinsaga na managu. Anayejiona jasiri katika kundi kama hilo ndiye mwoga kuliko wote.

Na tazameni ni nani anayetajwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kwa Kisii hao ni zaidi ya watu 900 katika kila kilomita moja ya mraba, na karibu wote wanataka kulima. Shamba alilolima babu yangu kwa jembe la mkono kuanzia mtoni hadi barabarani, leo lina nyua kumi na moja, na migomba ya huyu inamwaga majani kwenye ua wa yule. Katika msongamano huo anayetajwa ni mjane asiye na mtoto wa kiume nyumbani, mwenye nusu ekari ya chai inayotazamwa kwa macho ya matamanio. Akishaitwa omorogi, mchawi, na kukimbia, nani anavuna ile chai? Ulizeni hivyo kila mara. Wala si kwetu tu: kule Kilifi ni wazee wa kiume wanaoponzwa na mvi zao na mashamba yao, hata ikabidi wapate makimbilio Kaya Godoma, huko Ganze. Usukumani, nchini Tanzania, mabibi waliuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho hayo yaliiva kwa moshi wa kuni walizowapikia watoto na wajukuu kwa miaka hamsini. Ubaya huu si wa kabila moja. Hukua popote panapokutana umaskini, woga na shamba la mtu asiye na wa kumtetea.

Dada yangu mkubwa, yule mliyemwita magokoro, yaani bibi, ubongo wake ulianza kupotea akiwa na miaka sabini na kitu. Alikuwa akitoka usiku. Asubuhi moja, kabla jua halijachomoza, alikutwa kwenye ua wa jirani, nguo nusu, akimwita mama yetu ambaye tulimzika zamani. Mnajua mtu wa namna hiyo, saa hiyo, mahali hapo, huitwaje katika nchi hii. Mama mwenye nyumba alimfunga leso yake mwenyewe, akamkalisha jikoni, akampa uji wa wimbi, kisha akamshika mkono akamrudisha kwetu kabla barabara haijajaa watu. Hakupiga kelele. Madaktari wanaujua ugonjwa huo wa ubongo wa uzeeni na hauambukizi. Dada yangu alikufa kitandani kwake, si mikononi mwa umati, na hilo ni kwa sababu ya huyo jirani. Watoto wa mama huyo wana haki ya kuchota maji katika kisima chetu maadamu kisima kipo. Hilo nalo ni sehemu ya wosia huu.

Sitawadanganya kwamba wivu haupo. Upo. Kila Oktoba bonasi ya chai ikitoka, utauona usoni mwa ndugu wa tumbo moja. Jirani mwenye wivu anaweza kukununia, kukusengenya, hata kuusogeza mpaka wa shamba usiku. Hawezi kumkausha mtoto wako tumboni, wala kukunyima kazi akiwa amelala nyumbani kwake. Ukimpa uwezo huo moyoni mwako, umejitia utumwani mwenyewe.

Naja kwenu binafsi sasa, maana nawaona. Umemaliza chuo miaka minne iliyopita, kazi hakuna, pesa kidogo ulizopata umeziingiza kwenye kamari ya simu, usiku hulali. Njiani nguzo za stima zimebandikwa karatasi: mganga kutoka mbali, anarudisha mpenzi, anafungua riziki, nambari ya simu hii hapa. Unampigia. Anakuuliza kama kuna mtu wa ukoo asiyekupenda, na nani hana mtu kama huyo? Unatuma pesa, na unarudishiwa jina la shangazi yako. Umenunua chuki kwa fedha ambayo ingekununulia miche ya parachichi. Moyo ukizama, usingizi ukikataa, ukaanza kuona heri ufe, nenda hospitali ukaseme hivyo hivyo. Ni ugonjwa kama ugonjwa wowote, na kijana aliyeusema hajapungukiwa uanaume. Nimewazika walionyamaza.

Na kunyamaza huko kwa sehemu kunatokana na malezi yetu. Chinsoni, ile haya na heshima kati ya wazazi na watoto, ni jambo jema. Mtoto na baba wasivunjiane heshima. Lakini nimeona nyumba ambamo baba na mwana hawajaambiana kinyongo kwa miaka kumi, kila mmoja akimfikiria mwenzake mabaya kimyakimya. Kinyongo kisichosemwa ndicho baadaye hutafuta mganga wa kukisemea. Mkikosana juu ya mpaka, waiteni wazee wawili, simameni kwenye mpaka wenyewe mchana kweupe, mseme yote, kisha mle pamoja siku hiyo hiyo.

Makanisa yamejaa kwetu, ya Wakatoliki, ya Wasabato na mengine mengi, na mimi mwenyewe nimeimba kwaya. Lakini mchungaji anayewaombea kila Jumamosi au Jumapili dhidi ya "adui aliye karibu na nyumba yako" anachochea moto uleule wa mganga. Mkimsikia, inukeni mtoke.

Ijueni na sheria. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925, na inamfanya kuwa mkosaji hata yule anayemshutumu mwenzake au kutishia kumshutumu kwa uchawi, isipokuwa akipeleka shutuma hiyo kwa mwenye mamlaka kama polisi au chifu. Anayesema neno hilo sokoni tayari amevunja sheria, kabla hata jiwe halijarushwa. Mkumbusheni.

La mwisho ninalowaomba mnaoishi nyumbani ni kazi ya miguu. Siku mtakaposikia jina la mzee limeanza kuzunguka, kwenye boda boda, kwa kinyozi, au kwenye kituo cha kupimia majani chai, msingoje usiku uingie. Mpigieni chifu na polisi. Mpigieni mmoja wa watoto wake aliye mjini. Kisha nendeni nyumbani kwa mzee huyo, watatu au wanne, mchukue viti, mkae naye mlangoni mnapoonekana na kila apitaye, mle chakula chake, na mlale hapo mpaka asubuhi. Mnaoishi mbali, tumeni nauli na chakula cha watakaolala. Msikubali akae peke yake hata usiku mmoja.

Ni mimi babu yenu, sokoro wenu.