Nobu za Gita la Baba

Ukipanda boti Kibirizi, pale Kigoma, ukaelekea kaskazini hadi uumalize msitu wa Gombe, kijiji kinachofuata ni chetu, Mwamgongo. Safari ni ya saa tatu na zaidi, kutegemea mashine ya boti na hasira ya ziwa. Nimeifanya mara nyingi nikiwa na magunia na madumu. Safari ninayotaka kuisimulia hapa nilikuwa na kifurushi kidogo tu mfukoni, nacho nilikilinda kuliko mzigo wowote niliopata kuubeba: nobu mbili, volyumu mbili na swichi moja, vyote vya gita la umeme, nilivyovinunua Kariakoo, Dar es Salaam.

Gita lilikuwa la baba. Alilinunua zamani kwa mwanamuziki aliyetoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ambaye alihitaji nauli kuliko alivyohitaji gita. Limetengenezwa Japani, lakini jina lake lilikwisha futika. Kwa zaidi ya miaka 20 lilipigwa katika kwaya, likitumia betri ya gari, hasa siku za mbalamwezi, maana wanakwaya wengi ni wavuvi wa dagaa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, basi watu hubaki nchi kavu wakaimba.

Miaka hiyo yote ililiacha gita na majeraha. Nobu moja ilidondoka ziwani, na mahali pake pakawekwa kifuniko cha dawa ya meno kilichokazwa kwa uzi. Swichi ya kuchagua sumaku za kunasia sauti (sisi twaziita pikapu, na mgeni akitusikia hudhani twazungumzia gari) ililegea, hivyo baba akaikwamisha katikati kwa njiti ya kiberiti. Volyumu ya sauti nayo ilipochakaa, fundi redio wa kijijini aliing'oa nyingine katika redio mbovu, akailehemu kwa chuma kilichopashwa moto kwenye mkaa. Gita likalia tena. Ila tangu siku hiyo lililia kama mtu anayesema huku amejifunika shuka usoni.

Sababu yake niliijua baadaye, nilipokwisha kujifunza kazi ya umeme. Ndani ya volyumu mna utepe wa kaboni uliopinda kama kwato, na juu yake hutembea ulimi mdogo wa chuma. Kadiri unavyozungusha nobu, ndivyo ulimi unavyoamua ni kiasi gani cha sauti kiende kwenye amplifaya na kiasi gani kimwagwe. Gita la namna ya lile la baba hutaka volyumu yenye ukinzani wa omu 250,000 hivi. Ile ya redio niliipima kwa mita, ikasoma kama omu 50,000. Ukinzani ukiwa mdogo, hata nobu ukiifungua yote, sauti nyembamba huvuja na kupotea, na zile nene ndizo zinazobaki. Kumbe gita halikuwa limezeeka. Lilikuwa linavuja tu.

Basi nilifika, nikamwamkia baba, nikanywa uji, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimelilaza gita juu ya mkeka, bisibisi mkononi. Swichi mpya iliingia vizuri. Volyumu nazo zikaingia. Nobu zikagoma! Mihimili ya volyumu nilizonunua ilikuwa na meno 18, kama zilivyo nyingi za vipimo vya Asia, na nobu zangu zilichongwa kwa ajili ya mihimili ya Kimarekani yenye meno 24. Mimi niliyejiona fundi sikuwa nimehesabu meno dukani. Nikairudisha nobu ya zamani na kile kifuniko cha dawa ya meno juu ya volyumu mpya, na baba akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Jioni mwezi ulitoka, wanakwaya wakaja. Siku hizi baba hapigi, vidole vimekakamaa; mpigaji ni kijana wa jirani ambaye baba mwenyewe alimfundisha. Kijana alipogusa nyuzi, sauti ilitoka nyembamba na kali, ikang'aa kama solo za magita ya Kikongo tulizokuwa tukizisikia redioni usiku. Vijana wakapiga vigelegele. Mimi nikamtazama baba.

Alisikiliza nyimbo mbili. Kisha akaniita kando, akaniambia, "Mwanangu, umelifungua mdomo, lakini huo si mdomo wake."

Nilianza kumweleza habari ya omu. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza mabwana afya. Akasema sauti zile za nne za kwaya, yeye na wenzake walizipanga kulifuata gita lililofifia. Wanawake waliimba juu kwa sababu gita liliwaachia nafasi juu. Sasa gita lilikuwa limekaa mahali pao. Nikarudi kusikiliza, na kweli, wanawake walikuwa wanapiga kelele ili wasikike.

Nilikumbuka kisa cha gita la Stratocaster, lililotoka Marekani mwaka 1954 likiwa na swichi ya vituo vitatu. Wapigaji waligundua kwamba swichi ikikwamishwa baina ya kituo na kituo hutoa sauti nyingine tamu, ambayo waliolitengeneza hawakuwa wameikusudia. Ilifika mwaka 1977 ndipo kiwanda kilipoweka swichi ya vituo vitano. Miaka 23 watu walikuwa wakiipata sauti waitakayo kwa kukwamisha. Baba na njiti yake hawakuwa peke yao.

Sitasema kwamba nilikubali kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 za reli, kuja kuondoa kasoro, na sasa naombwa kuirudisha. Hata hivyo gita halikuwa langu. Kesho yake nilikipasha chuma moto, nikaing'oa volyumu mpya na kuilehemu ile ya redio mahali pake pa zamani. Baba alikaa karibu, akichonga njiti ya kiberiti. Swichi mpya haikuhitaji kukwamishwa, nikamwambia hivyo. Akaichomeka vivyo hivyo.

Nilipokuwa nikiteremka kwenda kwenye boti, kijana mpigaji alinifuata ufukoni, katikati ya dagaa walioanikwa. Aliuliza kama zile volyumu mpya narudi nazo. Nikamuuliza azitakia nini. Akatazama nyuma, kwenye nyumba ya baba, kisha akatazama chini.

"Za kuweka tu," akasema.

Nilimpa zote mbili, na bisibisi pia.