Wimbo Usirukwe

Kwenye vibanda vya video hapa Nyarugusu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: muvi ikianza kuimba, ruka. Anayeshika rimoti hasubiri kuambiwa. Watu wamelipa waone ngumi, kufukuzana na mapenzi kidogo. Wimbo wa dakika nne kwa lugha ya wengine unawachosha. Na kama muvi ni ya kutafsiriwa, mtafsiri akifika kwenye wimbo anapunguza sauti na kuanza kututania mpaka uishe. Simlaumu. Kazi ile ina mabingwa wake. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo, na wote wametuonyesha kwamba muvi ya kigeni inaweza kuwa ya kwetu. Ila wimbo huwa unabaki nje ya mlango.

Mimi nafanya kazi na vijana, zaidi wasichana wa miaka 13 hadi 17. Nataka niwaambie kwa nini kwenye kikundi chetu wimbo haurukwi.

Muvi ninazozisemea mnazijua, hata kama majina yamewatoka. Ni zile ngano za zamani ambazo Disney walizitengeneza katuni zilizojaa nyimbo, na sasa wanazirudia kwa watu halisi. Cinderella ya 1950 ilirudi 2015. Beauty and the Beast ya 1991 ilirudi 2017. Aladdin ya 1992 ilirudi 2019. The Little Mermaid ya 1989 ilirudi Mei 2023. Zinaanzia majumba ya sinema ya wenye nazo, zinatoka kwenye DVD, zinaingia kwenye flashi, na mwisho zinafika kwetu zikiwa zimepita mikono mingi.

Kuna wanaosema ni biashara tu, kuuza kitu kilekile mara mbili. Biashara ipo, sikatai. Lakini sisi ni watu wa mwisho kulalamika kwamba hadithi imerudiwa. Bibi akisema "Hadithi, hadithi!" na watoto wakajibu "Hadithi njoo!", hakuna anayemuuliza kama sungura huyu ni yule wa jana. Tunasikiliza leo kaongeza nini na kaacha nini. Hata hizi muvi nazitazama hivyo.

Tuchukue hii ya binti wa baharini. Kwa Kiswahili sanifu wanamwita nguva. Watoto wa kikundi changu, ambao wazazi wao wametoka Fizi na Uvira kando ya ziwa Tanganyika, walipomwona mkia tu walipiga kelele: "Mamba muntu!" Kwetu Kongo mamba muntu ni mwanamke wa majini, nusu mtu nusu samaki, na wachoraji wa Lubumbashi wamemchora sana. Anakupa mali, halafu anadai kitu. Kwa hiyo watoto walishaijua hadithi kabla haijaanza, wakangoja tu kusikia atadai nini.

Aliyeiandika ni Hans Christian Andersen wa Denmark, mwaka 1837. Kwake hadithi ni kali. Binti anataka kuishi nchi kavu karibu na mwana wa mfalme aliyemwokoa baharini. Mchawi wa baharini anampa miguu, na kwa malipo anamkata ulimi. Kila hatua anayopiga inamuuma kama anakanyaga visu. Mwana wa mfalme anaoa mwingine. Disney walipoifanya katuni mwaka 1989 hawakukata ulimi. Sauti inatoka kooni na kufungiwa kwenye kombe la baharini, na mwisho ni harusi.

Sasa sikilizeni habari ya wimbo. Ndani ya katuni ile kuna wimbo ambao binti, Ariel, anasema anachokitaka: kuondoka alipo na kuishi na watu. Muvi ilipojaribiwa mbele ya watoto kabla ya kutoka, baadhi walianza kutapatapa kwenye viti wimbo ulipofika, na mkubwa wa studio, Jeffrey Katzenberg, akataka ukatwe. Yaani hata wenyewe waliotengeneza walitaka kuruka! Aliyeandika maneno yake, Howard Ashman, alikataa katakata, na wenzake wakamuunga mkono. Wimbo ukabaki. Hoja yake ilikuwa rahisi: msichana asipotuambia mapema anataka nini, kwa nini tumjali anapohangaika? Ashman alifariki Machi 1991 kwa UKIMWI, akiwa na miaka 40. Leo wimbo ule watu wengi wanaukumbuka.

Katika katuni, Ariel akishatoa sauti yake haimbi tena mpaka karibu na mwisho. Wengine ndio wanaimba kumzunguka, mpishi na kaa. Yeye anatabasamu na kuonyesha kwa mikono. Kwenye muvi ya 2023, iliyoongozwa na Rob Marshall na kuchezwa na Halle Bailey, waliongeza kitu. Ariel yuko nchi kavu, hana sauti, na anaimba kichwani. Mdomo umefungwa lakini sisi tunasikia. Anashangaa miguu, viatu, nguo zinazobana, furaha na wasiwasi vyote pamoja. Wanaomhudumia wanaona bubu mpole. Sisi tunajua kichwani mwake kuna soko zima.

Wimbo huo ndio wa kwanza kurukwa kwenye vibanda. Nimeshuhudia mara mbili.

Kwenye kikundi tuliitazama kwa laptopu na spika moja, betri ya sola ikiwa imejazwa tangu jana yake, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi kwa sababu sehemu za chini ya bahari ni nyeusi sana na mchana huoni kitu. Nakala yetu ilikuwa ya Kifaransa. Mimi nilisoma sekondari hapahapa kambini kwa mtaala wa Kongo, kwa hiyo niliweza kuwafuatilia na kuwatafsiria. Hata sauti ya Halle Bailey mwenyewe hatukuisikia, kwa sababu kwenye Kifaransa anaimba mtu mwingine. Wasichana walicheka sana nilipowaambia. Mmoja akasema, "Basi huyu wamemwibia sauti mara mbili."

Wimbo wa kichwani ulipoanza, kijana aliyekuwa anatusaidia na mitambo akapeleka mkono arushe mbele. Msichana mmoja akamwambia, "Kaka, acha." Ni msichana ambaye kwa miezi mitano alikuwa anakuja kikundini, anakaa pembeni, anaondoka. Sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya shikamoo. Kijana akaacha. Tukausikiliza wote hadi mwisho, halafu wakaomba urudiwe, nami nikawaeleza maana yake kidogokidogo.

Baada ya hapo hatukuongelea harusi wala mfalme. Tuliongelea kukaa kimya. Waliniuliza mbona kwenye mikutano wao wanaonekana hawana la kusema. Mikutano mnaijua. Wageni wanakuja na fomu, wanauliza kwa Kiingereza, mkalimani anageuza kwa Kiswahili, na wengine wanageuziwa tena kwa Kibembe au Kirundi na jirani aliyekaa nao. Mpaka swali lifike, mwenye fomu ameshaangalia saa. "Wasichana mna maoni?" Kimya. Kwenye karatasi linaandikwa: hakuna maoni.

Nikawapa karatasi na kalamu, nikawaambia kila mmoja aandike kile ambacho angeimba kichwani mkutano unapoendelea. Kwa lugha yoyote, bila jina. Zilirudi karatasi kumi na nne. Tisa zilitaja njia ya kwenda bombani jioni, sehemu ile yenye giza nyuma ya choo. Hakuna msichana aliyewahi kulisema hilo mkutanini, kwa sababu kulisema mbele ya kaka zao na baba zao kungefuatiwa na swali lingine: wewe ulipitaje huko, na ulikuwa na nani?

Karatasi zile nilizisoma kwa sauti yangu kwenye mkutano uliofuata, bila kusema nani kaandika nini. Hatujapata taa bado. Ila wakinamama wa mtaa wamekubaliana kuteka maji kwa makundi jioni, na saa ya bomba kufungwa inajadiliwa. Kabla ya karatasi hizo hayo hayakuwa hata kwenye ajenda.

Siyo kila mtu alifurahia muvi. Mama mmoja alikuja kunikalisha chini. "Uyu mutoto anaacha baba yake juu ya mwanaume mwenye aliona mara moja tu! Na weye unaonyesha mabinti yetu?" Nilimwambia, mama, ndiyo maana tunaitazama pamoja na kuijadili, kwa sababu hapa kambini wanaozeshwa wadogo, na wengine wanakimbia na wanaume ili tu watoke nyumbani. Nilimsimulia na ile ya Andersen, ya ulimi kukatwa na mwana wa mfalme kuoa mwingine. Akatikisa kichwa: "Iyo ndiyo kweli yenyewe. Wasimulie iyo." Sasa nazisimulia zote mbili, na anamruhusu binti yake kuja.

Kuna jambo moja zaidi. Kwenye muvi hii mpya mwana wa mfalme si mtoto wa damu wa malkia. Aliokolewa majini akiwa mdogo, meli ilipozama, akalelewa ikulu. Malkia anayemlea anachezwa na Noma Dumezweni, mama aliyezaliwa Eswatini kwa wazazi wa Afrika Kusini, akaishi Botswana, Kenya na Uganda, na kuingia Uingereza kama mkimbizi akiwa mtoto, mwaka 1977. Katuni ya zamani haikuwa na malkia huyu. Nilipowaambia wasichana, hawakupiga makofi wala nini. Walinyamaza, halafu mmoja akauliza, "Alipokuwa Uganda, alikuwa anaongea?" Sikuwa na jibu, lakini nililipenda swali.

Kwa hiyo ninyi kaka zangu wenye vibanda, nawaomba dakika nne. Muvi za namna hii zikifika, mtafsiri aseme maana ya wimbo, hata kwa utani, maana mule ndimo msichana anaposema shida yake. Mkiuruka mnabaki na mtu mrembo anayetembea tu.

Na ninyi mnaokuja na fomu, karibuni sana, ila msiandike haraka kwamba hakuna maoni. Leteni karatasi tupu na kalamu, mkae muda kidogo. Wasichana hawa wanaimba mkutano mzima.